Kivuli Kipi Kilichokatazwa? Sura za Watu wa Tabora katika Fiqhi na Historia

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Muumba na Mwenye kuvipa viumbe sura zao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, swali lililotufanya tuandike makala haya limetoka Isevya, hapa Tabora mjini. Kijana mmoja anayehudhuria darsa za jioni amejifunza mwenyewe kuchora sura za watu kwa penseli. Watu humletea picha ndogo ya pasipoti ya mzazi aliyefariki, naye huichora upya katika karatasi kubwa, na wenyewe wakiiona huwatoka machozi. Hiyo ndiyo riziki yake. Siku moja baada ya sala ya alasiri mazungumzo yalizuka barazani. Mzee mmoja akamwambia, "Mjukuu wangu, endelea na kazi yako. Wanazuoni wamekataza picha yenye kivuli tu, na hii yako ni ya karatasi." Mzee wa pili akaichukua ile karatasi, akaitazama kwa makini, akasema, "Hukioni kivuli hiki chini ya pua na pembeni mwa shavu? Mtoto huyu ametia kivuli kwa mkono wake mwenyewe. Basi imeharamika."

Kijana hakubishana na wazee. Alirudi nyumbani, akawa anachora nyuso kwa mistari mitupu bila ya kutia kivuli. Nyuso zikawa hazifanani na wenyewe, na wateja wakaanza kumkimbia. Ndipo alipokuja kutuuliza: je, kivuli kilichokatazwa ni kipi?

Swali hili ni dogo kwa kulitazama, lakini ndani yake limebeba mambo mawili makubwa: hukumu ya sheria, na historia ya mji wetu. Sisi si mufti, na makala haya si fatwa. Tunachokusudia ni kuyaweka mbele ya maimamu na wanafunzi yale yaliyosemwa na wanazuoni, na yale yaliyopita katika ardhi hii ya Unyanyembe, ili anayetoa jawabu alitoe akiwa na elimu.

Neno moja, maana tatu

Tuanze na neno lenyewe. Wanazuoni wa fiqhi wanapotaja picha yenye kivuli wanakusudia kiwiliwili kilichosimama chenyewe, kama sanamu la mti, jiwe au udongo, ambalo likiwekwa juani hutupa kivuli chake chini. Picha isiyo na kivuli kwao ni ile iliyo bapa: iliyochorwa ukutani, katika nguo au katika karatasi. Hicho ndicho kivuli cha fiqhi.

Kivuli cha mchoraji ni kitu kingine. Anayejifunza kuchora uso hufundishwa kwanza vipimo. Macho hayakai juu karibu na nywele kama wanavyodhani wanaoanza, bali hukaa takriban katikati ya urefu wa kichwa. Nafasi iliyo baina ya jicho na jicho ni kama upana wa jicho moja. Masikio hulingana na eneo lililo baina ya nyusi na ncha ya pua. Baada ya vipimo hufundishwa mwanga: autazame unatoka upande gani, mahali gani umeangukia, na mahali gani haukufika, kisha mahali pale apatie weusi kidogo kidogo. Weusi huo ndio unaoufanya uso ulio bapa uonekane una pua, mashavu na kidevu. Elimu ya mwanga na namna jicho linavyoona ilihudumiwa sana na Waislamu. Hasan bin al-Haytham aliandika juu yake kitabu chake Al-Manadhir huko Misri katika karne ya 11, na kitabu hicho kilipotafsiriwa Kilatini kilisomwa sana Ulaya.

Ipo pia maana ya tatu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyeshika cheo cha mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliandika risala ya kuhalalisha picha za kamera. Hoja yake ilikuwa kwamba mpiga picha haumbi wala haigizi kuumba, bali hukizuia kivuli kilichokwisha kuwepo, kama kioo kinavyozuia sura ya anayejitazama, isipokuwa hiki hakiondoki.

Kwa hiyo kuna kivuli cha sanamu, kivuli cha kamera na kivuli cha penseli. Wale wazee wawili wa barazani wote walitaja neno moja, lakini kila mmoja alishika maana yake. Weusi wa penseli chini ya pua hauifanyi karatasi kuwa sanamu, na kuuondoa hakuigeuzi hukumu ya picha kwa yule anayesema ni haramu. Kijana aliharibu kazi yake bila ya kupata thawabu ya kuacha.

Sura zilizokuja na fedha

Sasa tutazame historia, kwani wapo wanaodhani kwamba suala la picha limeingia Tabora pamoja na studio na simu za mkononi. Sivyo.

Katikati ya karne ya 19, mahali palipoitwa Kazeh, pamoja na Kwihara na vijiji vya jirani, palikuwa makutano ya njia kuu za misafara. Kutoka Bagamoyo njia ilipanda hadi hapa, kisha ikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji na Manyema, nyingine ikaelekea kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walijenga matembe yao hapa, wakaleta nguo, shanga na bunduki, wakapeleka pwani pembe za ndovu na, lazima tuseme, wanadamu waliofanywa watumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba sehemu kubwa ya mizigo hiyo.

Biashara ile ilihesabiwa kwa fedha yenye sura ya mtu. Riale ya fedha iliyotumika Bahari Nyekundu, Uarabuni na pwani yetu ilikuwa na sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, na iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka 1780 hata baada ya yeye kufa. Rupia za India zilizofika Unguja zilikuwa na sura ya Malkia Victoria. Masheikh na wafanyabiashara waliziweka mifukoni na wakasali nazo.

Jambo hili halikuwa geni katika Uislamu. Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Warumi na dirhamu za Wafursi zenye sura za wafalme, mpaka Khalifa Abdul Malik bin Marwan alipotoa dinari yenye maandishi matupu mwaka 77 Hijria. Sultani Barghash bin Said wa Unguja alifanya mfano wa hayo. Alipopiga riale zake mwaka 1299 Hijria, sawa na 1881 na 1882 Miladia, aliweka maandishi bila ya uso wake, na katika pesa zake za shaba aliweka picha ya mizani.

Kisha wakaja Wajerumani na rupia yao yenye sura ya mfalme wao Wilhelm wa Pili. Mwaka 1916, walipozingirwa vitani na kukosa fedha, walipiga sarafu hapahapa Tabora katika karakana ya reli. Miongoni mwake zilikuwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zipatazo elfu 16, na katika upande mmoja walichora tembo. Septemba ya mwaka huohuo mji ukaingia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji.

Funzo tunalolipata hapa ni kwamba wazee wetu walitofautisha. Walichokitengeneza wenyewe walikitengeneza bila ya uso. Walichokihitaji kutoka kwa wengine walikitumia kwa haja bila ya kukitukuza. Msimamo huu una fiqhi ndani yake, nao hautoshi kujibiwa kwa neno moja la haramu au halali.

Waliokuja na kalamu na rangi

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara aitwaye Snay bin Amir, wa kabila la Harthi. Alikuwa mwenyeji wao kwa ukarimu mkubwa. Burton, pamoja na maneno yake mengi makali juu ya watu wa nchi hizi, alimsifu mtu huyu. Alimweleza kuwa mrefu, aliyekonda, mwenye viungo vikubwa, msomaji wa vitabu na mwenye kumbukumbu ya ajabu. Tunaposoma maelezo yale tunamwona mtu, ingawa ni maneno tu.

Speke alirudi Kazeh Januari 1861 akiwa na James Augustus Grant. Huyu Grant alikuwa mchoraji kwa penseli na rangi za maji. Alichora watu, mavazi, nyumba, miti na ngoma alivyoviona njiani, na michoro yake mingi imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland huko Edinburgh. Ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za watu wa nchi hii zilizochorwa na mtu aliyekaa nao ana kwa ana.

Lakini michoro hiyo siyo iliyoenea duniani. Kitabu cha Speke kilipochapishwa mwaka 1863, michoro ya Grant ilikabidhiwa kwa mchoraji wa vitabu Johann Baptist Zwecker ili aichore upya kwa ajili ya kuchapwa. Zwecker hakuwamo katika msafara ule. Hakukaa Kazeh, wala hakumwona hata mmoja wa watu ambao nyuso zao alikuwa akizichora. Msomaji wa London alipofungua kitabu aliona kazi ya mkono wa pili, akaiamini kama kwamba ni ya shahidi.

Hapa pana jambo ambalo kila mwanafunzi wa hadithi analielewa. Mwalimu wa uchoraji humwonya mwanafunzi wake: chora unachokiona, usichore unachodhani. Anayeanza huchora jicho alilolizoea kichwani mwake, siyo jicho la mtu aliyekaa mbele yake, na ndiyo maana nyuso zake zote hufanana. Katika elimu ya hadithi, mpokezi hutakiwa atoe alichokisikia kama alivyokisikia, na anayejaza kwa dhana yake hupungua daraja. Mchoro wa Grant una mpokezi aliyekutana na mtu. Mchoro uliopita kwa Zwecker una mpokezi ambaye hakukutana naye. Sisi tusio wachoraji tunatakiwa tuulize swali hilohilo kila tunapoletewa picha ya mababu zetu: nani aliichora, na je, alimwona?

Mtoto aliyetolewa zawadi Tabora

Kisa kingine ni kizito zaidi, na tunakitaja kwa huzuni. Henry Stanley alifika hapa Juni 1871 akimtafuta Livingstone. Alikaa Kwihara, katika lile tembe ambalo leo ni makumbusho. Akiwa hapa, mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu alimpa zawadi: mtoto mdogo wa kiume, mtumwa, aliyetokea nchi ya Kazembe. Mtoto yule alikuwa na jina lake, Ndugu Mhali. Stanley hakulipenda, akampa jina la Kalulu.

Mwaka uliofuata mtoto huyu alikuwa London. Alipelekwa studio, akavishwa, akasimamishwa pamoja na Stanley mbele ya pazia lililochorwa mandhari ya Afrika, akapigwa picha. Picha zile ziliuzwa. Sanamu lake la nta likawekwa pamoja na la Stanley katika nyumba ya maonyesho ya Madame Tussaud, watu wakalipa kulitazama. Mwaka 1873 Stanley akatoa kitabu cha hadithi chenye jina lake. Mwaka 1874 mtoto huyo alikuwepo katika mazishi ya Livingstone. Mwaka 1877 alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo akiwa katika msafara wa Stanley, na maporomoko yale yakapewa jina alilopewa.

Tutazame vile vivuli vyetu vitatu. Mtoto huyu alipigwa picha ya kamera, akachorwa vitabuni, akatengenezwa sanamu lenye kivuli. Na hakuna hata mahali pamoja alipoulizwa kama anaridhia. Jina lake halikubaki, bali sura yake ilibaki.

Ni wepesi kumlaumu mpiga picha wa London. Lakini ukweli ni kwamba kabla ya uso wa mtoto yule kuuzwa kule, mwili wake ulitolewa zawadi hapa, na aliyemtoa hakuwa mgeni kutoka Ulaya, alikuwa mtu wa misafara hii ya kwetu. Anayeandika historia ya Kiislamu ya Tabora akakificha kisa hiki atakuwa naye amechora uso bila ya kivuli: mistari ipo, lakini haufanani na mwenyewe.

Walivyosema wanazuoni

Sasa tuje kwenye hukumu. Hadithi za makemeo ya wenye kutengeneza sura zimethibiti katika Bukhari na Muslim, na hakuna mwanachuoni anayezipinga. Zimekuja zikieleza ukali wa adhabu yao Siku ya Kiyama, na kwamba wataambiwa wavitie uhai walivyoviumba. Khilafu ipo katika kuzifahamu. Tutataja rai tatu.

Rai ya kwanza ni kwamba kutengeneza sura ya chenye roho ni haramu, iwe ina kivuli au haina, iwe katika nguo, ukuta au karatasi. Hii ndiyo rai aliyoieleza Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, na ndiyo rai ya madh-hebu yetu ya Shafii na ya jamhuri ya wanazuoni. Nawawi aliikataa vikali kauli ya kwamba kilichokatazwa ni chenye kivuli tu. Miongoni mwa dalili zake ni hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) aliyetundika pazia lenye picha, na Mtume (s.a.w.) akachukizwa nalo, ilhali pazia halina kivuli.

Rai ya pili inatofautisha baina ya kiwiliwili na kilicho bapa. Imenasibishwa na al-Qasim bin Muhammad bin Abi Bakr, mmoja wa mafaqihi saba wa Madina, ambaye imepokewa kwamba nyumbani kwake kulikuwa na pazia lenye picha za viumbe. Naye ndiye mpwa wa Bibi Aisha na mmoja wa waliopokea hadithi yake. Wenye rai hii wanashikilia pia hadithi ya Abu Talha iliyovua kile kilichotiwa katika nguo. Nawawi na wenziwe wanaifahamu hadithi hiyo kuwa ni michoro ya miti na mfano wake. Wamaliki wengi wanaona kwamba picha bapa ni makuruhu, siyo haramu. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, alielekea upande wa wepesi kwa picha bapa, kwa masharti ya kutotukuzwa na kutokuwa na la haramu ndani yake.

Rai ya tatu inahusu kamera. Sheikh Bakhit alihalalisha, kama tulivyotaja, na wengi wa zama zetu wamemfuata. Sheikh Abdul Aziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, alikataza hata picha za kamera isipokuwa penye dharura, kama vitambulisho. Lakini na ieleweke: hoja ya Sheikh Bakhit ni ya kamera, haimfuniki anayechora kwa mkono. Kijana wa Isevya anaitazama picha ya kamera kisha anaichora upya kwa vidole vyake. Asiyatwae maneno ya Sheikh Bakhit akayavika kazi yake.

Wapo pia waliomwambia kijana achore kichwa tu na aache mwili, kwa sababu fiqhi imeruhusu sura isiyokamilika. Huku ni kukosea mlango. Kilichopokewa katika hadithi ya Abu Huraira ni kwamba Jibril (a.s.) aliagiza kikatwe kichwa cha sanamu libaki kama mti, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba sura ni kichwa. Basi anayechora kichwa na kuacha mwili amekichora kile hasa kinachozungumzwa.

Wanapokutana wote

Pamoja na khilafu hii, yapo mambo ambayo wenye rai zote wanakutana.

Kwanza, sura isitukuzwe. Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kwamba Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr yalikuwa majina ya watu wema wa kaumu ya Nuhu (a.s.). Walipokufa watu waliwawekea masanamu ya kuwakumbuka, na elimu ilipoondoka yakaabudiwa. Ukumbusho ulitangulia ushirikina. Wanaotundika picha za masheikh wao waliofariki na kuzitafutia baraka wakumbuke hili.

Pili, isiwe ya dhihaka wala ya kumvunjia mtu heshima, kwani Allah (s.w.) amekataza katika Suratul Hujurat watu kudharauliana na kupeana majina mabaya. Wala isifichue uchi wa mtu.

Tatu, isiwe ushahidi wa uongo. Kumchora mtu akafanana ni kusema: huyu alikuwa hivi. Anayebadilisha uso kwa makusudi ili mtu aonekane mshenzi, au aonekane mtakatifu, ameshuhudia lisilokuwepo.

Nne, sura ya mtu ni amana yake. Kisa cha Ndugu Mhali kinatosha kuwa dalili ya madhara ya kuichukua bila ya ridhaa. Na mtoto au asiye na uwezo wa kukataa ndiye mwenye haki zaidi ya kulindwa.

Sura kwa maneno

Waislamu hawakukosa njia ya kuhifadhi sura za wanaowapenda. Mtume wetu (s.a.w.) hakuchorwa na Sahaba zake, lakini tunajua umbo lake, mwendo wake, nywele zake, tabasamu lake na namna alivyogeuka kumtazama mtu. Hind bin Abi Hala alimweleza kwa mpwa wake Hasan bin Ali (r.a.). Ummu Maabad, mwanamke wa jangwani ambaye Mtume alipita hemani kwake katika Hijra, alimweleza kwa mumewe. Imam Tirmidhi, aliyefariki mwaka 279 Hijria, aliyakusanya mengi ya hayo katika Shamail. Mwandishi wa hati wa Kituruki Hafidh Uthman, katika karne ya 17, aliyaweka maelezo hayo katika hati nzuri ya kutundikwa ukutani, pale ambapo wengine wangetundika picha.

Na tazama jinsi wapokezi walivyokuwa makini na nyuso. Katika ile hadithi ya pazia, Bibi Aisha anaeleza kwamba uso wa Mtume ulibadilika rangi. Hadithi ileile inayokemea sura imetuhifadhia hali ya uso kwa neno moja.

Hapa Tabora tunayo mifano ya namna uso unavyosomwa na wageni na namna mwenyewe anavyojieleza. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, ambaye baba yake aliishi Ituru karibu na hapa, anajulikana duniani kwa jina la Tippu Tip. Wengi walilieleza jina hilo kuwa limetokana na kupepesa kwake macho. Yeye mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichokiandika kwa Kiswahili, alisema limetokana na mlio wa bunduki zake. Wageni walimtazama machoni, naye alitaka akumbukwe kwa vita vyake. Lau tusingekuwa na maneno yake, tungebaki na macho yake tu.

Kwa wale wanaoshika rai ya kwanza, na ndio wengi katika misikiti yetu, mlango huu uko wazi, na ni aibu tumeuacha. Wazee wa Isevya wanaondoka mmoja mmoja. Mwanafunzi wa darsa na akae na babu yake, aandike alivyo: kimo chake, sauti yake, kovu lake na lilikotoka, anavyofunga kilemba, anavyonyamaza akikasirika. Aandike alichokiona, asiandike alichodhani.

Jawabu kwa kijana

Tunarudi kwa mwanetu wa Isevya. Katika Bukhari kimepokewa kisa cha mtu aliyemjia Ibn Abbas (r.a.) akasema kwamba maisha yake yanatokana na kazi ya mikono yake, na kwamba hutengeneza sura. Ibn Abbas alimsomea hadithi ya makemeo. Mtu yule akashtuka sana, akahema, na uso wake ukageuka manjano. Ibn Abbas alipomwona alivyo, alimwambia kwamba ikiwa hana budi na kazi yake, basi achore miti na kila kisicho na roho.

Maimamu wetu watafakari kisa hiki. Ibn Abbas hakuificha hukumu kwa kumwonea huruma, wala hakumfukuza kwa ajili ya hukumu. Aliutazama uso wa mtu aliyeogopa kukosa riziki, akamfungulia njia inayotokana na kazi yake ileile. Kumwaibisha kijana mimbarini, au kumwambia kazi yako ni haramu kisha ukaenda zako, si katika mwenendo huo.

Kwa hiyo tunamwambia: mwanetu, ukitaka usalama wa dini yako kwa rai ya jamhuri, mkono uliokwisha kujifunza vipimo na mwanga haupotei. Matembe, milango ya kuchonga, miembe mikubwa ya njia ya misafara, miombo, hati za Kiarabu na majina ya marehemu kwa maandishi mazuri, vyote hivyo vinataka jicho lilelile na kivuli kilekile cha penseli, na hakuna anayevikataza. Familia iliyofiwa yaweza kupewa nyumba ya marehemu iliyochorwa pamoja na wasifu wake ulioandikwa kwa hati nzuri.

Na ukichukua rai ya walioruhusu kilicho bapa, ichukue kwa elimu, kwa kumuuliza mwanachuoni unayemwamini, siyo kwa kuwa tu imekuafiki mfukoni. Kisha ulinde yale manne waliyokutana wote. Usichore wa kutukuzwa, usidhihaki, usishuhudie uongo, wala usiuchukue uso wa mtu bila ya ridhaa yake au ya jamaa zake. Ama kivuli chako cha penseli, hicho hakikuwa na kosa. Ukichora, chora kama shahidi. Ukiacha, acha kwa ajili ya Allah, usiache nusu.

Na sisi wakazi wa mji huu tuna deni. Yupo mtoto aliyepita Kwihara ambaye uso wake uko katika makumbusho na vitabu vya watu, na jina lake hatulitaji. Aliitwa Ndugu Mhali. Angalau hilo tulihifadhi.

Allah (s.w.) atuongoze katika haki na atujaalie wenye kuzilinda amana. Wallahu aalam.